Wastani wa Shibe

Katika nchi ya Shibeni hakuna njaa. Jambo hili si la kubahatisha. Limeandikwa kwenye Katiba, ibara ya nne, na Bunge lililipitisha kwa sauti moja, saa nane mchana, mara tu baada ya chakula. Hata ile methali ya wahenga isemayo kwamba aliyeshiba hamjui mwenye njaa ilipelekwa kwenye kamati, ikafanyiwa marekebisho, na siku hizi watoto shuleni hufundishwa kwamba aliyeshiba humjua aliyeshiba mwenzake. Neno lenyewe la njaa lilifutwa katika nyaraka zote za serikali. Mtu akikaa siku tatu hajala, huandikwa kwamba ana utayari wa kula. Mwaka inapoanzia hadithi hii, katika wilaya ya Makapi peke yake, watu kumi na mmoja walifariki kwa utayari.

Aliyewaandika wote kumi na mmoja ni Mwanakheri Pazi, nesi wa zahanati ya Makapi. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, asiyependa maneno mengi, aliyekaa katika zahanati ile miaka kumi na tisa. Na kwa kuwa katika zahanati isiyo na dawa kazi kubwa ya nesi ni kuandika, na akiisha kuandika husoma, Mwanakheri alikuwa na tabia ya kusoma kila karatasi iliyopita mbele yake mpaka mwisho. Tabia hiyo ndiyo iliyomponza.

Mwaka huo nchi moja ya mbali, iliyokuwa ikiitakia Shibeni mema, ilituma zawadi ya viraka vya ngozi. Barua ilisema viraka ni elfu nne. Kufika wizarani vilikuwa arobaini, na hakuna aliyeshangaa, maana safari ilikuwa ndefu. Kiraka chenyewe kilikuwa kidogo kama plasta ya kidonda. Ukikibandika mkononi, chini ya kiwiko, hunywa jasho, husoma sukari iliyomo, kisha hutuma namba kwenye kimashine kinachotosha kiganjani. Hakuna sindano, hakuna tone la damu. Ndani ya boksi mlikuwa na kijitabu cha kurasa mia na sita kilichoeleza kwamba mtu mwenye afya husoma tano, au karibu na hapo. Anayeshuka chini ya tatu hajala. Anayevuka saba, sukari imemzidi, na hiyo sukari inamla yeye taratibu, macho, figo na miguu.

Wizara ilipeleka nakala ya kijitabu hicho katika kila zahanati ili kiwekwe kwenye kabati. Mwanakheri akakisoma. Habari zilipofika mji mkuu wa Ubwabwa kwamba kuna mtumishi wa serikali amesoma kijitabu kizima, alihamishwa haraka kabla hajasoma kingine, akapewa chumba chenye dirisha moja na cheo cha Msomaji Mkuu wa Jasho la Taifa.

Siku ya uzinduzi alihutubia Waziri wa Shibe na Ustawi wa Matumbo mwenyewe, Mheshimiwa Kondo Mavumba. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti nzito ya kupendeza, na aliposimama jukwaani watu wawili walimshika viwiko, mmoja kila upande, jambo ambalo kila mtu alidhani ni heshima.

"Ndugu wananchi," alisema, "kwa miaka mingi maadui zetu wametusingizia utayari kwa kutumia ushahidi wa macho. Wanawatazama watu wetu, wanaona mbavu, wanaandika. Lakini jicho ni kiungo cha hisia. Ngozi ni kiungo cha sayansi. Kuanzia leo Shibeni haitatazamwa tena. Itasomwa."

Makofi yalipigwa kwa dakika nne, kama ratiba ilivyoagiza.

*

Shibeni ina wilaya mbili tu. Kuna Kilimani, wanakokaa viongozi na jamaa zao, watu wapatao mia tatu. Na kuna Makapi, wanakokaa waliobaki, watu laki tatu na ushei. Viraka vikagawanywa kwa haki kabisa: ishirini Kilimani, ishirini Makapi. Mwanakheri alithubutu kumuuliza Katibu Mkuu wa wizara, Bwana Mshumaa, kama mgao ule ulikuwa sawa. Bwana Mshumaa alikuwa msomi wa takwimu aliyependa namba kuliko vitu ambavyo namba hizo zilivihesabu. Alimtazama kwa masikitiko.

"Sista," alisema, "wilaya zote ni sawa mbele ya sheria. Au unataka tuanze ubaguzi?"

Tabu ya kwanza ilikuwa kupata jasho la Kilimani. Wale mabwana walitoka kwenye nyumba ya baridi wakaingia kwenye gari la baridi, wakashuka kwenye ofisi ya baridi. Siku tatu mfululizo viraka vyao havikusoma kitu. Ikabidi utolewe waraka kwamba kila siku saa nne asubuhi viyoyozi vyote Kilimani vizimwe kwa robo saa, na muda huo uitwe Saa ya Jasho. Siku ya kwanza mawaziri wawili walizimia. Wa tatu alitoa taarifa kwa vyombo vya habari kwamba ameshiriki mateso ya mwananchi wa kawaida na ameyaona ni ya kuvumilika. Makapi hakukuwa na shida hiyo. Kule jasho lilianza kabla ya jua, na viraka vitano vilibanduka vyenyewe kwa kuzidiwa.

Mwisho wa wiki Mwanakheri alikaa na karatasi yake mbele ya dirisha. Makapi walisoma mbili. Hilo halikumshtua, njaa alikuwa anaijua bila kiraka, anaijua kwa nywele za watoto na kwa jinsi mtu anavyokaa chini. Kilichomfanya aweke kalamu mezani ni safu ya Kilimani. Walisoma nane, tisa, saba. Waziri wa Mifugo, aliyekatwa mguu ughaibuni miezi miwili kabla, alisoma kumi na nne, na wenzake walikuwa wamempigia simu kumpongeza kwa kushika nafasi ya kwanza. Watu hawa walikuwa wagonjwa, na hakuna aliyekuwa amewaambia.

Akaandika maombi mawili, moja la unga kwa ajili ya Makapi, jingine la dawa kwa ajili ya Kilimani, akayapeleka kwa Bwana Mshumaa. Bwana Mshumaa hakuyagusa. Alichukua karatasi ya namba. Wastani wa Makapi, mbili. Wastani wa Kilimani, nane. Akajumlisha, akagawa kwa mbili, na alipopata jibu alivua miwani akajifuta macho.

"Tano," alisema. "Taifa lina afya kamili."

Mwanakheri alimweleza, kwa upole wa mtu aliyezoea kuongea na wagonjwa wakaidi, kwamba katika viraka vyote arobaini hakuna hata kimoja kilichosoma tano. Kwamba huyu anakufa kwa kukosa na yule anakufa kwa kuzidisha, na ukiwaweka kwenye kaburi moja hupati mtu mzima. Bwana Mshumaa alisikiliza kama mtu anavyosikiliza mvua juu ya bati. Kisha akatoa uamuzi wa kitaalamu. Unga ukienda Makapi utapandisha wastani, na wastani ukipanda maadui watauliza ulikuwa wapi kabla. Dawa zikienda Kilimani zitashusha wastani, na kushusha wastani wa taifa ni hujuma. Kesho yake ukatoka waraka wa kupiga marufuku, ndani ya mipaka ya Kilimani, dawa yoyote yenye kupunguza sukari ya taifa. Ulisainiwa na Mheshimiwa Kondo, ambaye hakuusoma, kama alivyokuwa akifanya kwa nyaraka zote muhimu.

*

Wiki mbili baadaye Mheshimiwa Kondo mwenyewe aliingia katika chumba cha Mwanakheri, peke yake, amevaa kandambili na suti. Alifunga mlango, akakaa, akaomba maji. Alikunywa glasi nne. Kisha, bila madoido ya jukwaani, akaeleza kilichomsibu. Kiu haiishi. Kwenda haja ndogo hakuishi. Hotuba ya bajeti aliisema kwa kukariri, maana karatasi aliiona kama ukungu. Na juzi, alipokuwa anavua viatu jioni, alikuta msumari umepenya soli na kuingia kwenye nyama ya unyayo. Alikuwa ameutembelea kutwa nzima, amezindua nao daraja, na hakuhisi kitu.

Akaomba dawa. Mwanakheri aliinuka. Alifungua faili, akamwekea waraka mbele yake. Mheshimiwa aliusogeza karibu na pua, akausogeza mbali, akausogeza karibu tena.

"Hii saini ni ya nani?" aliuliza.

"Ni yako, Mheshimiwa."

Aliurudisha waraka mezani. Akavua kandambili ya mguu wa kulia, na harufu ikajaza chumba. "Sista," alisema polepole, "mimi sitaki kukatwa mguu kwa ajili ya wastani."

Kwa miaka kumi na tisa Mwanakheri alikuwa ametamani aone mmoja wao akija kwake hivi, hana walinzi, anaomba. Siku ilipofika aliitafuta furaha ndani yake asiione. Mguu ni mguu. Alileta beseni, akaosha lile donda, akalifunga, na huku anafunga alikuwa anafikiri.

Dawa hakuwa nayo, na waraka ulikuwepo. Lakini alimweleza kwamba ugonjwa wake ulikuwa bado unasikia maneno. Ugali usizidi ngumi, nusu ya sahani iwe majani, soda akazione dukani, nyama ya mafuta aiache buchani, chai ya vijiko saba aiage, na kila siku atembee kwa miguu mpaka atoke jasho la halali. Mheshimiwa alikubali yote. Aliyeona msumari ukitoka mguuni mwake hana kiburi. Tatizo lilikuwa jingine. Namba yake ikishuka, Bwana Mshumaa angeiona kabla ya adhuhuri, na huyo huyo mgonjwa angeshtakiwa kwa hujuma.

Hapo ndipo Mwanakheri alipopata wazo, na hakulipata kwa huruma bali kwa hesabu. Kinachopungua Kilimani sharti kiongezeke Makapi. Mheshimiwa akishuka pointi tatu, mtu mmoja Makapi mwenye kiraka apande pointi tatu, na wastani utabaki umekaa palepale kama kuku juu ya mayai. Kwa hiyo chakula asichokula Mheshimiwa kisitupwe. Kishuke Makapi kila siku mchana, ndani ya gari la wizara la kukusanya jasho, ambalo askari hawalisimamishi kwa sababu ya harufu.

*

Mtu aliyechaguliwa ni Mama Sikudhani, mjane aliyeponda kokoto kando ya barabara ya Makapi, ambaye kiraka chake hakikuwahi kuvuka moja na nusu. Siku ya kwanza akapelekewa sufuria ya pilau ya mbuzi kutoka jikoni kwa waziri. Hakuuliza imetoka wapi. Aliinusa, akamshukuru Mungu, akampa Mwanakheri mkono.

Baada ya siku tatu Mheshimiwa Kondo alikuwa ameshuka pointi mbili. Mama Sikudhani hakuwa amepanda hata robo. Wastani wa taifa ukayumba kidogo tu, na papo hapo ikaja karatasi kutoka kwa Bwana Mshumaa ikiuliza ni nani anayeidhoofisha nchi.

Mwanakheri alipanda gari la jasho akaenda Makapi mbio. Alimkuta Mama Sikudhani ameketi juu ya gunia, nyundo mkononi, na sufuria imeoshwa safi imelala kifudifudi juani. Watoto kumi na wanne walikuwa wamekaa ukutani, wanalamba vidole. Mwanakheri alimwamkia, akachuchumaa karibu yake.

"Mama, nakuomba wiki hii moja ule peke yako. Namba yako isipopanda, watagundua, na sufuria haitakuja tena."

Mama Sikudhani aligonga jiwe, likapasuka vizuri. "Mwanangu," alisema, "hicho kiraka chenu kinasoma sukari. Hakisomi haya ya mtu. Nitatafunaje peke yangu, na hawa wamekaa hapo?"

"Sasa tufanyeje?"

"Leta sufuria kubwa."

Mwanakheri alirudi Ubwabwa na ujumbe huo. Mheshimiwa Kondo aliufikiria kwa Saa nzima ya Jasho. Jikoni kwake hupikwa kila siku chakula cha watu arobaini, iwapo wageni watatokea, na wageni wenyewe huwa ni wale wale saba. Akaagiza chote kishuke. Yeye akabakiwa na mchicha, kipande cha samaki na ugali wa ngumi, na alikiri kwamba siku ya kwanza alikula akiwa na machozi, si kwa ajili ya wananchi bali kwa ajili ya pilau. Lakini wiki ya tatu kidonda kilianza kufunga. Wiki ya tano aliona saa ya ukutani na kugundua kwamba ilikuwa imesimama tangu mwaka juzi. Na kule Makapi, watoto kumi na wanne waliposhiba, Mama Sikudhani naye akashiba. Namba yake ikapanda, wastani ukarudi tano, Bwana Mshumaa akalala usingizi.

Kilimani hakuna siri. Wenzake walimwona Mheshimiwa Kondo amerudia kuvaa viatu, anapanda ngazi bila kushikwa, wakaanza kuja kwa Mwanakheri mmoja mmoja, na kila mmoja aliapa kwamba anamuulizia rafiki. Waziri wa Sherehe na Mazishi alimuulizia rafiki mwenye ganzi ya vidole. Waziri wa Mifugo, aliyebakiwa na mguu mmoja, alimuulizia rafiki mwenye mguu mmoja. Mwanakheri aliwapa wote masharti yaleyale, na kila mmoja akamtafutia mwenzake wa Makapi. Wakubwa wa Shibeni hawakuwahi kufanya jambo lolote kwa umoja isipokuwa kula. Kwa mara ya kwanza wakaungana katika kutokula. Baada ya miezi minne sufuria ishirini zilikuwa zikishuka kila mchana, zimefunikwa vitambaa, na nyingine zilikuwa kubwa kiasi cha kubebwa na watu wawili. Kila sufuria ilikuwa na ua wake na kila ua ulikuwa na watoto wake. Zahanati ya Makapi iliandika mwezi mzima bila mtu kufariki kwa utayari, na nesi aliyekuwa zamu alidhani amekosea kujaza fomu.

Bwana Mshumaa aliendelea kuandika tano kila Ijumaa. Akapandishwa daraja kwa uthabiti.

*

Kilichoharibu mambo ni Sikukuu ya Shibe. Ilipokaribia, Mlezi Mkuu wa Taifa, ambaye hajawahi kubandikwa kiraka kwa kuwa jasho lake ni siri ya dola, alisomewa taarifa ya tano akakunja uso. Tano, alisema, ni ya mtu wa kawaida, na Shibeni si nchi ya kawaida. Akaagiza kwamba siku ya sikukuu wastani uwe nane.

Ili ajue pa kusukuma, Bwana Mshumaa alifungua fomu zenyewe kwa mara ya kwanza. Hadi siku hiyo alikuwa akipokea wastani wa kila wilaya uliokwisha kupigwa na karani wake, na karani naye alikuwa na mtu wa kumpigia. Sasa akazikuta namba za watu. Kilimani: tano, tano, tano na nusu, tano. Makapi: tano, nne na nusu, tano, tano. Alizifuata kwa kidole mpaka chini ya ukurasa, akarudi juu akazifuata tena. Njaa ya Makapi haikuwahi kumtisha, wala mguu wa Waziri wa Mifugo. Lakini jasho la mponda kokoto na jasho la waziri kuwa kitu kimoja, hilo hakuwa amelifikiria hata ndotoni. Kama hali ndiyo hiyo, mtu atajuaje nani ni waziri?

Ikaundwa tume. Tume ikalifuata gari la jasho kwa pua, ikazikuta sufuria. Mwanakheri akakamatwa saa sita mchana, na sufuria ya Mheshimiwa Kondo, iliyojaa ndizi za kupikwa, ikachukuliwa kuwa kielelezo cha kwanza. Siku ya kesi kielelezo hicho kililetwa mahakamani kikiwa kitupu, na polisi hawakuweza kueleza ndizi zilikwenda wapi.

Shtaka lilikuwa kuhamisha shibe kutoka wilaya moja kwenda nyingine bila kibali. Mwanakheri alisimama kizimbani, mikono ameikunja kifuani, na jambo lililomkaa moyoni lilikuwa dogo tu: ni saa saba, na kule Makapi watoto wamekaa ukutani wanatazama barabara. Waliitwa mawaziri kumi na tisa kutoa ushahidi. Wote walipanda ngazi za kizimba bila kushikwa mkono, Waziri wa Mifugo akiwa na gongo lake, na wote kumi na tisa wakaapa kwamba hawamjui mwanamke huyu na hawajawahi kupunguza kula hata siku moja, Mungu apishe mbali.

Wa ishirini alikuwa Mheshimiwa Kondo. Mwendesha mashtaka alimuuliza kwa adabu kama naye hamjui mshtakiwa, na akaanza kukaa chini kabla ya jibu.

"Namjua," alisema Mheshimiwa Kondo. "Aliniosha mguu."

Akainama, akavua kiatu, akavua soksi, akauweka mguu juu ya ukingo wa kizimba. Ulikuwa mguu wa kawaida, wenye kovu jeupe katikati ya unyayo. Akasema kwamba chakula kilikuwa chake, sufuria ilikuwa yake, na waraka uliomkataza nesi huyu kumtibu ulikuwa wake pia, ingawa hakuusoma. Mwanakheri alitazama sakafu. Hakuwa ametegemea mtu wa Kilimani amsemee, na hakujua auweke wapi uso wake.

Jaji alikuwa mtu mzima, aliyebakiza miezi miwili kustaafu na hakutaka kesi ndefu. Alimuuliza Bwana Mshumaa wastani wa taifa kabla ya tendo linalolalamikiwa. Tano, akajibu. Na baada ya tendo? Tano. Je, kuna kosa lolote katika hesabu za serikali? Bwana Mshumaa, ambaye kusema ndiyo kungemgharimu cheo, alisema hakuna na hapawezi kuwa na kosa.

"Basi," alisema jaji, "mahakama hii haiwezi kumtia mtu hatiani kwa jambo ambalo, kwa hesabu za serikali yenyewe, halikutokea."

Mwanakheri akaachiwa huru. Lakini hukumu ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Ikiwa halikutokea jambo, basi Makapi hakuna aliyelishwa. Na kama hakuna aliyelishwa, hakuna cha kuendeleza. Viraka ishirini vikabanduliwa kwenye mikono ya watu wa Makapi, kwa maelezo kwamba shibe yao imekwisha kuthibitika, vikabandikwa kwa wake na wakwe wa Kilimani. Ukatoka waraka wa kuzuia chombo chochote cha kupikia kuvuka mpaka wa wilaya. Kisha ikaamriwa karamu ya kila siku, mahudhurio ni ya lazima, hadi wastani utakapofika. Sikukuu ya Shibe ilisherehekewa kwa namba tisa, moja zaidi ya agizo. Waziri wa Sherehe na Mazishi hakuiona. Alianguka siku mbili kabla, kwa namba kumi na sita, na kwa kuwa maiti haitoki jasho, namba yake ya mwisho iliendelea kuhesabiwa hadi mwisho wa mwezi ili asiiangushe nchi.

*

Mwanakheri alirudishwa zahanati ya Makapi. Alikuta kabati lilelile na fomu zilezile, na wiki ya pili akaandika neno utayari, kwa mwandiko wake mzuri, mara tatu.

Siku moja adhuhuri alisikia watoto wanapiga kelele barabarani akatoka nje. Alikuwa Mheshimiwa Kondo, anakuja kwa miguu, peke yake, sufuria kubwa kaiweka begani kama mtu asiyewahi kubeba kitu. Mchuzi ulikuwa umemchuruzika kwenye suti hadi kiunoni. Alikuwa ameinuka kwenye karamu, ambayo hakuna aliyekumbuka kuifuta, katikati ya hotuba ya kumshukuru mpishi, akapitia jikoni, akatoka kwa mlango wa nyuma. Dereva alikuwa amekataa kubeba chombo cha kupikia. Kilomita saba alikuwa amezitembea, na pale mpakani askari hawakumzuia, kwa sababu hawakuamini.

Hakusema mengi. Aliuliza ua wa Mama Sikudhani uko wapi, maana miezi yote ile hakuwahi kumwona. Mwanakheri akamshikia sikio la pili la sufuria, wakaenda.

Mama Sikudhani aliweka nyundo chini, akamtazama mgeni kuanzia juu hadi chini, akautazama mchuzi kwenye suti.

"Wewe ndiye mpishi?" aliuliza.

Mheshimiwa Kondo alitua sufuria chini. "Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Chumvi huwa unazidisha."

Watoto walikula kwanza. Mgeni alikataa nyama, akasema amekatazwa na nesi, akapewa kisamvu na kipande cha muhogo, akakaa ukutani pamoja na watoto akala taratibu. Dirishani kwa jirani redio ilikuwa inasoma habari za saa saba. Ilitangaza kwamba Mheshimiwa Kondo Mavumba, Waziri wa Shibe na Ustawi wa Matumbo, ameacha kazi leo kwa sababu za kiafya.

Ilikuwa mara ya kwanza redio ya Shibeni kusema kweli, na pale uani hakuna aliyeiamini. Mama Sikudhani alisema huyo waziri bila shaka ameiba kitu, ndivyo wanavyosema siku zote wakishikana, kisha akamgeukia mpishi kumuuliza kama anajua kuponda kokoto. Mpishi alisema hajui, lakini miguu anayo, na mikono anayo. Akasogezewa nyundo.